Mama, Nimepata cha Kuuza Ndola

Shikamoo Mama,

Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako ya kuvuta, mpaka mtoto niliyembeba mgongoni ameshtuka. Sasa amelala tena. Nimekaa kwenye benchi lako nje ya jiko, karatasi nimeiweka juu ya ungo, na nina habari nzuri.

Unakumbuka ulivyoniuliza pale wodini, wiki ile ya mwisho? Proches alikuwa ndiyo kwanza amepata kazi ya ufundi kwenye gereji ya malori huko Ndola, Zambia, nami nakusimulia safari yetu kama mtoto anayesimulia sikukuu. Ulinisikiliza mpaka mwisho, halafu ukasema, "Na wewe utaenda kuuza nini huko?" Nilicheka. Wewe hukucheka. Ulisema mwanamke akienda ugenini bila kitu cha mkononi mwake anageuka mzigo wa mumewe, na hukunilea mpaka nikawa mtu mzima ili nikawe begi la Proches. Nikasema nitakujibu kesho. Hiyo kesho hukuisubiri.

Jibu ninalo, Mama. Ila sikupi sasa hivi. Nakujua, ungetaka kwanza kusikia wenzangu walivyonishauri, upate cha kucheka.

Shangazi Melania alianza hata turubai za msiba hazijashushwa. Kwake hakukuwa na mjadala, nikafungue duka. Mchagga, anasema, hata ukimtupa mwezini atauliza fremu za maduka ziko wapi. Mdogo wangu Aloyce akamwambia Mangi wenye maduka wamejaa kule tangu zamani, yeye kaendesha malori njia hiyo na kila alikosimama alikuta mmoja anauza sukari na sabuni, tena anamuuliza habari za mvua ya nyumbani. Proches naye akataka niuze spea karibu na gereji yake. Nikamkumbusha kwamba siku aliyonituma spana namba kumi na tatu nilimletea koleo, na niliridhika kabisa.

Shangazi hakukata tamaa. Alinichukua mpaka soko la Sanya Juu tukaangalie maharage na viazi vya kuvusha mpaka. Tukazunguka, akashika kila gunia, akanusa, akabishana. Mama mmoja muuzaji akatusikiliza wee, halafu akatuuliza kwa upole kabisa kama huko Zambia watu hawalimi. Shangazi akaligeukia fungu la kabichi kama ndilo lililomleta. Tulirudi na kabichi mbili na sketi ya mtumba.

Mimi nilicheka mbele za watu, lakini nilikuwa na hofu. Kila mpango ulikuwa na tundu lile lile: naenda kuwauzia wenyeji kitu ambacho tayari wanacho na wanakijua kuliko mimi. Nilijiona nimekaa kwenye chumba cha kupanga, sijui lugha ya jirani, nasubiri mlio wa geti Proches arudi. Nilikuwa naosha sufuria huku nalia, nikiulizwa nasema kitunguu. Siku nyingine hata kitunguu hakikuwepo.

Halafu wifi yangu Chanda akajifungua.

Ulimwacha na tumbo kubwa, nawe ulikuwa umeshampenda. Ulimfundisha kupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya ndizi ili utomvu usimchafue, akashangaa kwamba mtu anaweza kuwa na ndizi nyingi hivi mpaka akawa na adabu za kuzimenya. Ametoka Ndola kumfuata Aloyce, kitinda mimba wako, aliyeacha malori ili nyumba yako isikose mtu. Na aliyezaliwa ni msichana, Mama. Wa kwanza wa kike kwa Aloyce, kwa hiyo jina halikuwa na ubishi. Anaitwa Genoveva, jina lako. Padri alipomuuliza Aloyce jina, akalitaja halafu akageuka ukutani. Ndiye niliye naye mgongoni. Ile marahaba nimeitikia kwa niaba yenu nyote wawili.

Sasa nani amlishe mzazi? Mzazi aliyetoka kujifungua hulishwa na mama mkwe wake, na mkwe mwenyewe, wewe, ulikuwa umelala kihambani kati ya migomba, udongo haujakauka. Shangazi akaninyooshea kidole. Nikaacha nyumba yangu ya Mawenzi, nikamwacha Proches na watoto na chipsi mayai zao, nikapanda huku Kilema na nguo za kubadilisha na woga. Wazazi wote wa boma hili uliwalisha wewe, hata mimi nilipokuja kujifungulia hapa. Kazi yangu siku zote ilikuwa kumenya, au kula.

Sufuria ya kwanza, sijui nikueleze vipi. Nilimwambia Aloyce akate mkungu wa mshare, ndizi za mtori. Akaenda nyuma ya banda la ng'ombe akarudi na mkungu mnene, mwenye fahari tele. Nikamenya, nikasugua, nikachemsha na nyama ya mfupa, nikaponda, nikatia maziwa. Macho yangu yalikuwa na machozi, sikuangalia sawasawa. Mama, mwanao aliyezaliwa na kukua chini ya migomba alikuwa ameleta ndizi za pombe, na binti yako akazipika mtori! Nilikuja kuonja Chanda keshamaliza bakuli. Mtori ulikuwa mchungu, unakwaruza ulimi kama umeramba gunia. Nikamkimbilia, nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwa adabu zote, amekaa wima kitandani, "Nilifikiri ndiyo dawa yenu, dada."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Aloyce akaja mbio akidhani kuna msiba mwingine, alipoelezwa akacheka yeye, Chanda akacheka ameshika tumbo, anatuomba tuache kwa sababu inamuuma. Tangu tukuzike hakuna aliyecheka hivyo ndani ya nyumba hii. Nadhani ulisikia, si mbali.

Kuanzia hapo mkungu nikawa naukata mwenyewe. Nikaanza kukukumbuka kwa mikono, maana kwa kichwa nilikuwa nasahau. Ulivyokuwa unaonja kwa mgongo wa mwiko. Ulivyofunika bakuli kwa sahani na kitambaa juu yake. Ulivyokuwa unasema mzazi haulizwi kama ana njaa, anapelekewa. Na kile kitu chako ambacho kilinikera sana nilipokuwa mzazi mimi: kusimama mlangoni na khanga kiunoni mpaka uone kijiko cha kwanza kimeteremka, ndipo uondoke. Nilikuwa nadhani unanichunga. Siku moja nikajikuta nimesimama mlangoni kwa Chanda vile vile, na nikajua kwamba mtu akisimama pale, kinachomfanya asiondoke ni furaha.

Asubuhi mtori, mchana supu, jioni tena mtori au ndizi na maharage laini. Kufua ni mimi, maji ya kuoga ni mimi, wageni waliozidi maongezi niliwasindikiza hata kabla hawajaaga. Chanda alikuwa hanielewi. Wiki za kwanza kila nikitoka alikuwa anajaribu kuinuka akafagie, nami namrudisha. Siku moja nikamkuta analia juu ya bakuli. Nikajua nimekosea ndizi tena.

Kumbe hapana. Alikuwa anakumbuka uzazi wake wa kwanza. Alijifungulia Ndola mjini, Aloyce yuko njiani na lori, mama yake yuko Kasama, mbali huko, hana namna ya kuja. Wiki haijaisha alikuwa anabeba ndoo ya maji, anapika huku kasimama mguu mmoja. Na si yeye tu, alisema, mjini kule wako wengi, wameolewa mbali na mama zao, wanajifungua wanarudi kwenye chumba kitupu. Halafu akasema hivi, akiwa anajifuta kwa ncha ya kitenge: "Kama mtaani kwangu angekuwepo mtu kama wewe, dada, ningemlipa kabla hata sijazaa."

Mama, nilisimama pale mlangoni nimeshika sahani ya kufunikia, sikuweza hata kuiweka chini.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu langu. Nitakwenda Ndola kulisha wazazi. Nitapika, nitafua, nitasimama mlangoni. Nilipomwambia Chanda akafurahi, kisha akanitazama kwa huruma akaniuliza kama nina mpango wa kuwapa wote ndizi, kwa sababu nikimpelekea mtu wa kwao mtori siku ya kwanza atauliza kama dukani unga umekwisha. Tukaanza shule. Amenifundisha uji wao wa karanga zilizotwangwa, amenifundisha kuku wao na mboga zao za karanga, na mama yake kutoka Kasama anatusimamia kwenye simu, anauliza kama nimekoroga. Mtori nitauingiza taratibu, siku wameshanizoea. Chanda anasema ndizi za kupika zinapatikana kule. Mshare siahidi. Najua hapo umekunja uso.

Proches anafuatilia vibali, nisije nikaanza kazi ya watu kwa mlango wa nyuma. Mgeni kwanza anabisha hodi. Yeye mwenyewe ameukubali mpango, ila ameuliza kama na mume wa mlishaji naye analishwa.

Lakini Shangazi hakukubali. Alisema kulisha mzazi ni kazi ya mkwe, si biashara, na zaidi ya hapo nani kaniambia najua? Maneno yake yaliniingia, maana hata mimi nilikuwa sijui. Mzazi mmoja, tena wifi yangu anayenipenda, si ushahidi. Nikajiwekea sharti kimoyomoyo. Miezi mitatu ya Chanda ya kulishwa ndani ilikuwa inakwisha, na ulituambia mara nyingi kwamba zamani mzazi akitoka alipelekwa sokoni aonekane, soko ndilo liseme kama kalishwa au kaonewa. Nikasema nitampeleka. Wakimwona kakonda, nitafunga mdomo, nikifika Ndola nitatafuta fremu, nitauza sukari na sabuni kama Mangi wenzangu.

Tulikwenda siku ya soko. Chanda kavaa kile kitenge chako cha njano na kilemba, Genoveva kafunikwa, Shangazi kaongoza mbele kama anayepeleka kesi. Mimi nyuma yao, najikumbusha bei ya sukari na sabuni. Wanawake wakaacha ndizi zao, wakaja. Mmoja akamgeuza Chanda huku, mwingine kule. Mzambia wa watu amesimama anatabasamu, kashaelezwa kuwa ni desturi.

Akaja Bibi Apolonia. Ndiyo, yule yule, aliyekuwa anasema mtori wako una maziwa mengi kuliko haki. Tukamwamkia wote. Akamshika Chanda mkono wa juu, akaubonyeza. Akamtazama shingo. Akamfunua mtoto, akamvuta shavu kidogo, akamfunika. Halafu akamgeukia Shangazi, uso umekunjamana hasa, akasema:

"Melania, mbona mlitutangazia kwamba Genoveva amefariki?"

Nililia, Mama. Hapo hapo kati ya mafungu ya ndizi, na hakuna aliyeniuliza habari ya kitunguu. Bibi Apolonia alidhani kaniudhi, akanipa embe. Shangazi alinunua mkungu mzima ambao hatukuuhitaji, na njiani akaanza kunipangia kwamba huko Ndola nisikubali mzazi mwenye wageni wengi, nisimamie mlango, nisiwe mpole. Ukimsikia utadhani wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Nimemwachia.

Tunaondoka keshokutwa. Nyumba yako ina watu, usiwe na wasiwasi. Aloyce sasa anazijua ndizi, nilimzungusha kihamba kizima mgomba kwa mgomba kama mtoto wa chekechea. Yale majani ya masale kwenye kaburi lako yameshika vizuri. Mwiko wako mkubwa nimeuomba kwa Chanda, naye akasema ni wa kwangu kabla sijamaliza kuomba. Umefungwa ndani ya sweta kwenye begi, katikati, usije ukavunjika njiani.

Nitakukosa huko, najua. Hapa angalau nakuja kihambani nakaa kidogo. Kule itakuwa ni mwiko tu.

Nakuahidi hivi: hakuna mzazi atakayenipita mkononi na njaa, awe wa kabila gani, aseme lugha gani. Na sitaondoka mlangoni mpaka kijiko cha kwanza kiteremke.

Genoveva ameamka, anasukuma mgongo wangu kwa miguu. Ana nguvu, umemlisha vizuri.

Nilisema nitakujibu kesho. Imechelewa kidogo, lakini imefika. Aika mae, asante Mama.

Binti yako,
Felista