Mama, Mfuniko Bado Unalia

Mpendwa Mama mkwe,

Tangu tulipokuzika mvua haijakatika hapa Mbeya, na paa la jikoni linavuja palepale ulipokuwa ukipalalamikia. Mengine salama. Leo nimeikumbuka cherehani.

Siku ile ulikuwa shambani ukipalilia maharage. Mimi nilikuwa uani, nikasikia mtu anakohoa mlangoni, kikohozi cha mzee mwenye heshima zake. Niliona koti refu na fimbo, basi. Mkamwana wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe wake, wala ndugu zake, wala wazee wa rika lake, nilifundwa nikafundika. Nikajitanda kanga, nikageukia ukuta, nikangoja apite, nikidhani ni baba mdogo, nduguye baba mkwe. Kupita alipita, pamoja na cherehani ambayo mwanao aliinunua kwa jasho la migodi ya Chunya.

Jioni mtaa mzima ulijaa uani kwako. Kumbe nyumba nyingine nazo zilikuwa zimeibiwa vilevile, wakamwana wamegeukia ukuta. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mgeni, tena sina hata mtoto, na maneno yakaanza: huenda namjua mwizi, afadhali nirudishwe kwetu Tukuyu kabla mume wangu hajarudi. Niliogopa, Mama. Moyoni nilikwisha kufunga nguo zangu. Nawe ulikuwa unachambua maharage kama vile hawasemi na wewe, mpaka walipochoka.

“Huyu haendi popote,” ulisema. “Heshima yake ndiyo iliyoibiwa. Mnataka tumfukuze kwa kuwa nayo?”

Ukamgeukia Mama Sefa, jirani yetu Mhehe wa kutoka Iringa. Yeye hana mkwe hata mmoja hapa mtaani, kila mzee anaweza kumtazama machoni. Ukapanga kazi palepale: mkamwana akisikia kikohozi ageuke kama alivyofundwa, ila agonge mfuniko wa sufuria, naye mwanamke asiyepaswa kumkwepa mzee huyo atoke amsalimie. Ulisema mtaa wetu umechanganyika vya kutosha, hakuna mwanamume atakayekosa wa kumtazama usoni. Wanaume walicheka sana, eti wake zao wanaanzisha ngoma ya masufuria.

Mwizi akarudi, tamaa mbele. Nikageuka, nikagonga. Mama Sefa akamkuta anatoka nyumba ya pili na gunia begani, akamwamkia kwa Kihehe, kamwene, akamuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua huko atokako. Akina mama wa Kisafwa wa nyumba ya pembeni nao wakatoka, wakamtaka atue mzigo asalimie kama mtu mzima. Hakutua. Alipojaribu kupenya katikati yao gunia likamponyoka, na pasi ya mkaa ya jirani ikaangukia matopeni. Mimi niliyasikia yote nikiwa nautazama ukuta! Wanaume, waliokwisha kusahau kucheka, wakampeleka bomani. Cherehani hatukuiona tena, lakini na neno Tukuyu halikutajwa tena.

Ulipozidiwa ulinishika mkono ukaniambia nisimwache baba mkwe. Niliitikia bila kujua nitafanyaje, mtu nisiyeruhusiwa kumtazama wala kusema naye. Sasa nafanya hivi: asubuhi naweka uji kwenye kigoda mlangoni pake, nageukia ukuta, nagonga mfuniko. Hapo anajua anaweza kutoka, na Mama Sefa anakuja kumjulia hali, kisha ananiletea habari zake. Habari zenyewe ni kwamba uji hauna chumvi. Ni mbishi vilevile kama ulivyomwacha, na mtu wa kubishana naye ndiye wewe, hupo. Nyumba imepoa, Mama. Ninakukumbuka hasa wakati wa kuchambua maharage.

Juma lililopita homa ilinilaza, sikuweka uji wala sikugonga. Mama Sefa anasema alimkuta baba amesimama nje kwenye mvua, hana hata koti, anatazama upande wa jiko letu. Akadhani ni njaa, akataka kumletea viazi. Baba akamkatalia.

“Kamwangalie mwanangu,” akamwambia. “Leo mfuniko haujalia.”

Nimeshapona. Kesho nitagonga mapema, na chumvi nitaongeza.

Ndaga, Mama, asante. Pumzika.

Mkamwana wako