Mkufu wa Kampuni ya Kwanza

Memphis, Jumatatu

Mwanangu Tavaris,

Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Video yako ya kampuni hii ya tatu ya muziki tumeitazama nje ya kanisa, kwenye simu ya mchungaji. Umerap vizuri, lakini mbona umevaa mkufu wa kampuni ya kwanza? Hapa kwetu hata watoto wanajua: ukihama, mkufu unaurudisha.

Jana Odell, bosi wako wa kwanza, alikuja mwenyewe. Alikula kambare wangu mpaka akalamba vidole.

“Mama,” akasema, “dogo ahame atakavyo, sina neno. Ila ana kitu changu shingoni.”

“Msahaulifu tu huyo,” nikamwambia.

“Basi mkumbushe, mama.” Akacheka.

Krismasi usije. Utume huo mkufu leo hii, na usithubutu kumpigia simu kumtukana, nakujua.

Alipoaga nilitaka kuinuka nimsindikize. Akasema nisijisumbue, akatoka, akanifungia mlango kwa nje. Nilikuwa nimesahau, mwanangu: nyumba hii alininunulia yeye uliposaini kwake. Ufunguo bado anao.

Mama yako,
Verlene