Filimbi Katika Msimu wa Ndege

Jumanne, jioni. Mawingu yametanda tangu alfajiri, lakini ni ya kutudanganya tu, hakuna mvua hapo. Nimechoka na sijafanya lolote.

Leo ni siku ya tatu sijakimbia.

Wanaosoma hapa wanajua nakimbia kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, kutoka nyumbani hapa Ikutha hadi daraja la mtoni na kurudi. Ni dakika arobaini. Nafundisha darasa la watoto sitini na wawili, nina wangu wawili, na mume wangu anafanya kazi Kibwezi. Hizo dakika arobaini ndizo pekee ambazo hakuna mtu ananiita.

Mwezi uliopita kanisa letu lilileta mkufunzi kutoka Kitui mjini atufundishe akina mama kujilinda. Nilikaa mbele, kama kawaida yangu. Macho, koo, goti. Usizibe masikio na muziki. Badilisha njia. Kisha kila mmoja wetu akapewa filimbi, kwa sababu sauti ya mwanamke hukauka kwa hofu lakini filimbi haikauki. Niliivaa shingoni kila siku na nikajiona mjanja sana. Njia sikubadilisha.

Jumamosi mwanamume alikuwa amekaa kwenye kona kabla ya daraja. Nilimsalimia, hakujibu. Nilipompita alinishika jaketi kutoka nyuma.

Nilipiga filimbi. Niliipiga mpaka masikio yangu yakauma. Kiwiko nilikitumia, goti likakosa, na filimbi sikuitoa mdomoni. Kuna mashamba ya mtama pande zote mbili za njia, na watu walikuwemo, nilikuwa nimewaona. Nilingoja mtu aje.

Hakuja mtu.

Kilichoniokoa ni zipu. Jaketi lilifunguka, nikaliacha mikononi mwake, nikakimbia kilomita mbili bila kuangalia nyuma. Nilimpita jirani yangu Mama Kanini akiwa juu ya ulingo wake wa miti katikati ya mtama, anafukuza ndege. Alinipungia mkono.

Jana nilienda kumwuliza. Sikwenda kwa ubaya. Au labda nilikwenda kwa ubaya, sijui. Nilipomweleza yaliyonipata aliweka ungo chini na machozi yakamtoka. Ni mtu mzuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

"Mwalimu, hiyo filimbi niliisikia," alisema. "Nikasema leo kuna mtu ndege wamemzidi. Halafu nikakuona ukipita mbio, na si wewe hukimbianga kila siku?"

Msimu huu kila shamba lina filimbi. Mtama umeiva, ndege wanafika kabla ya jua, na kila aliye juu ya ulingo anapuliza. Mkufunzi ni wa mjini, hangejua. Mimi je? Nimezaliwa hapa. Nilipuliza filimbi hizo utotoni mpaka midomo ikapasuka. Nilipiga kelele ambayo kijiji kizima kimezoea kutoijali, kisha nikakimbia mbele ya watu waliozoea kuniona nikikimbia.

Mama Kanini alinisindikiza hadi njiani. "Siku nyingine ukimbie ukilia," aliniambia. "Hapo tutajua."

Mume wangu kwenye simu alisema niache kukimbia hadi Desemba, atakapokuja. Sikubishana. Mtama utavunwa na filimbi zitanyamaza, lakini yule mtu ana jaketi langu na anajua saa ninayopita. Jana jioni nilijaribu kuzunguka nyumba. Mizunguko minne, mbwa akinifuata akidhani tunacheza, kisha nikakaa chini kwenye vumbi nikalia.

Leo niliamka saa kumi na moja na nusu kama zamani. Nikavaa viatu, nikafunga kamba, nikakaa kitandani. Nje filimbi zilikuwa zimeanza, huku na huku. Moja upande wa mtoni ilipulizwa kwa haraka, bila kupumzika, halafu ikakatika.

Sikutoka. Nilijiambia ni ndege.

Nimejiambia hivyo siku nzima, na mpaka sasa sijauliza mtu.