Imondo Uliyonirudishia, Dinah Navalayo

Mama Beverlyne, mwaka umezunguka tangu utuache, lakini mimi nahesabunga kutoka ile Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Saa nne asubuhi karai la sukari nguru lilipinduka pale mtamboni, njia ya Malava, maji ya miwa yanayochemka yakakumwagikia kutoka kiunoni hadi miguuni. Sikio la karai lilikuwa limepasuka. Ulimwambia msimamizi mara mbili. Akasema, "Koroga tu, mama."

Ulikuwa mtu wa kuimba kazini. Jumamosi ulirudinga na kipande cha nguru ndani ya leso, na watoto wa jirani wote waliijua siku yako.

Wodini ulilia siku mbili tu. Halafu ukaanza kuuliza kama ng'ombe amekunywa maji.

Vidonda vilitoa maji, bandeji inalowa, shuka inalowa. Mimi nikadhani ni uchafu unatoka, nikafurahi. Chakula cha hospitali kilikuwa ugali na kabichi. Jumapili ya pili nikakuletea ingokho, kuku wa kwetu. Ukala kidogo, ukaitoa imondo, ile firigisi, ukanirudishia. "Baba Beverlyne, hii ni ya mwenye boma, si ya mwanamke. Nikila, mama yako atasema nini?" Nikaila nikiwa nimesimama kando ya kitanda chako.

Wiki ya nne ndipo akaja msichana wa lishe, Shantel. Yeye simlaumu. Alisema yale maji yalikuwa yanabeba madini ya mwili, zinki na shaba, na bila hayo ngozi haishikani. Ndiyo maana ile waliyokupandikiza ilibanduka. Alisema ule nyama, mayai, maini, na upewe dawa ya madini. Wewe ukacheka: "Shaba? Baba Beverlyne, kata waya wa stima uniletee nitafune." Wodi nzima ikacheka.

Mimi sikucheka. Nilimuuliza daktari mkubwa mbona hatukuambiwa siku ya kwanza. Akasema, "Mzee, ngoja nje." Dawa? Ati iko ya watoto wa kuhara, ya watu wazima imeisha. Wakakutoa damu, ati inaenda kupimwa madini Nairobi. Nikaleta mayai, nikaleta maini. Mdomo ulikuwa umeshakataa. Tarehe ishirini na mbili Aprili ukaenda, vidonda vikiwa wazi kama siku ya kwanza.

Mimi sikusoma. Sikujua mtu anaweza kuisha kwa kuvuja. Wao walisoma.

Tunaokukumbuka ni mimi mume wako Chrispinus Shikanga, watoto wetu Beverlyne na Titus, mama yangu Awinja, na dada yako Rachael. Hakuna siku itapita bila jina lako. Kuku akichinjwa hapa, imondo inawekwa kwa sahani ya Beverlyne, na mama hasemi kitu.

Na nyinyi wakubwa wa wodi, kila mwisho wa mwezi nakuja hapo dirishani kuuliza, na leo nauliza tena mbele ya watu: ile damu mliyomtoa, majibu yake yako wapi?