Boliti za Baba

Kumasi, 8 Septemba 2014

Mama Dufie,

Hujambo? Kazi za ofisi zinakwendaje? Sisi hapa karakanani wazima, isipokuwa goti langu, ambalo halijawahi kunisikiliza. Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula chakula au unakula makaratasi.

Dereva wa lori atakuteremshia masanduku manne. Ndani mna boliti mia nne za kufungia kenchi za paa la kanisa letu jipya hapo Nsuano. Ni zawadi yangu kwa mji wangu. Nimezikereza mwenyewe, moja baada ya moja, nikazifunika kitambaa cheupe. Waambie mafundi wasizishikeshike kwa mikono ya supu. Mchungaji amesema Jumapili ya mavuno nitasimama mbele, kwaya iniimbie. Nguo nimeshashonesha. Nina furaha kuliko siku niliyooa, ila hilo mama yako asilisikie.

Baba yako,
Kofi Nsiah


Nsuano, 15 Septemba 2014

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, nakula, mwambie Mama hata mkanda wa sketi umeanza kulalamika.

Masanduku yamefika, na boliti zinang'aa mpaka mafundi wamepiga miluzi. Lakini Baba, siwezi kuziruhusu zipande juu. Halmashauri imeniweka hapa nikague. Boliti yoyote inayobeba paa lazima iwe na alama ya uimara kichwani, alama ya kiwanda, na cheti kwamba imepimwa. Zako cheti hazina. Alama zinazo, tena nzuri: 8.8, na herufi za kiwanda cha ng'ambo. Baba, kiwanda hicho si chako! Na hiyo 8.8 si pambo, ni ahadi ya uzito ambao chuma kitaubeba bila kukatika. Umeitoa wapi?

Usikasirike. Nimeyahifadhi masanduku ofisini kwangu, na kitambaa chake.

Binti yako,
Akua Dufie


Kumasi, 18 Septemba 2014

Dufie,

Salamu utazipata nikitulia.

Mwaka 1983 nilifungua boliti kwenye lori la Wazungu lililokufa hapa mtaani. Sijaona boliti nzuri kama ile. Nikaiiga: urefu, hesi, kichwa, na maandishi yake. Sikuacha kitu. Fundi mvivu ndiye anayeacha maandishi! Naikereza kwa nondo zinazobaki kwenye majengo, chuma kizuri kabisa, na kwa miaka thelathini na moja hakuna mteja aliyerudi kulalamika.

Nimekupa jina la mama yangu mzazi. Tangu uzaliwe sijakufokea, maana nani atamfokea mama yake? Leo unanionyesha sababu ya kuanza. Badu wa karakana ya jirani ameshasikia. Ananiuliza kama ile nguo mpya nitaivaa kwenye mazishi ya boliti.

Baba yako, kwa sasa


Nsuano, 9 Oktoba 2014

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya tatu tangu uache kunijibu, na mbili za kwanza najua umezisoma, maana Mama kaniambia unazisoma kwa sauti ili upate kuzibishia.

Jumapili ya mavuno watu mia sita watakaa chini ya paa lile, na wewe kiti cha mbele. Sisemi boliti zako mbovu. Nasema sijui, na wewe pia hujui, Baba. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Naogopa paa, na naogopa kukupoteza.

Hapo hapo Kumasi, chuo kikuu wana mashine ya kuvuta vyuma mpaka vikatike. Nimeshaongea nao. Chagua mwenyewe boliti unayoipenda, uipeleke. Ikifikia ahadi iliyoandikwa kichwani, nitakuombea cheti, nitapanda paani kuzifunga kwa mkono wangu, na nitakuomba radhi mbele ya kwaya.

Binti yako


Kumasi, 17 Oktoba 2014

Mama Dufie,

Salamu sasa nakupa zote, na zile nilizokunyima. Goti linauma kwa ngazi za chuo.

Nilikwenda na boliti tano, na Badu akanifuata bila kualikwa. Yule dada wa mashine akaibana ya kwanza. Nikamwambia, "Binti, angalia mashine yako isije ikaharibika." Haikufika hata nusu ya ile ahadi. Ikakatika kama mhogo. Nikasema hiyo ilikuwa na homa, leta nyingine. Zote tano, Dufie. Badu alianza kucheka, ilipofika ya tatu kicheko kikamkatika, kwa sababu na yeye anatengeneza hizo hizo.

Nimeona haya mpaka masikio. Si haya ya chuma, chuma hakijawahi kudai kitu. Mimi ndiye niliyekiandikia uongo kichwani, nikidhani ni urembo. Nyundo ya kupigia namba zile nimeitupa kalibuni iyeyuke.

Jumapili ya mavuno nitakuja, nitasimama mbele kama ilivyopangwa. Usimwambie mchungaji nitasema nini.

Baba yako


Nsuano, 28 Oktoba 2014

Baba yangu,

Shikamoo mara mia. Umefika salama?

Mji mzima unakuzungumzia wewe tu. Mtu kusimama na nguo mpya chini ya turubai, kanisa halina paa, akasema, "Paa halipo kwa sababu binti yangu ana akili kunishinda"! Wazee walikuwa hawajui wapige makofi au wakupe pole. Kwaya ikaamua kuimba. Nililia, Baba, na sioni aibu kusema.

Boliti zenye vyeti zilifika jana. Nimezisoma vichwa, nikalinganisha na karatasi, zote sawa. Kesho tunafunga.

Ila uliondoka ibada haijaisha vizuri, fufu na supu ya mawese vinakungoja. Ulikimbilia wapi?

Binti yako


Adwumakrom, 31 Oktoba 2014

Mama Dufie,

Hujambo? Mimi mzima, ila naandikia gotini, usishangae mwandiko.

Tangu siku ile ya mashine nilikuwa najaribu kukumbuka boliti zangu zimekwenda wapi. Nyingi ziko kwenye vitanda na mageti, hazitamdhuru mtu. Lakini katikati ya kwaya, wakati wananisifu, nikakumbuka daraja la miguu la hapa kwa wakwe zangu. Mwaka 2003. Boliti sitini, namba zote vichwani. Watoto wa shule wanavuka mara mbili kwa siku.

Nimefunga kamba huku na huku, nimeweka kiti katikati ya njia. Wanazunguka maili mbili na wananitukana kwa zamu. Shemeji yangu ndiye hodari zaidi. Muuza kenkey ananiita bwana forodha, lakini ananilisha.

Njoo na boliti zenye vyeti, na spana kubwa. Nitasoma kila kichwa kabla hakijaingia. Mimi siondoki hapa mpaka wewe useme watu wapite.

Baba yako