Nyundo ya Gobori

Nyeri,
11 Agosti 1966

Dada yangu mpendwa Wamucii,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku, ambako baridi bado haijatuachia. Mimi, Murugi na watoto ni wazima. Natumaini mgongo wa mama umepata nafuu, na kwamba wewe umeanza kula, maana siku ya mazishi ya mumeo Ngatia hukuonja hata chai.

Juma lililopita Bwana Pelham aliuza shamba lake la Mweiga akarudi kwao Uingereza. Hakuaga mtu. Wafanyakazi wanasema tangu siku ile alikuwa akilia kama mtoto.

Nataka nikueleze habari za lile gobori, kwa sababu kortini ulisikia nusu tu. Bwana aliniletea karakanani mwezi wa Februari. Lilikuwa la babu yake, bunduki ya kushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, na ile nyundo ndogo inayogonga fataki ya kuwashia baruti ilikuwa imevunjika. Hakuna duka linalouza kipuri kama hicho, kwa hiyo alitaka nikichonge mwenyewe. Alikuja na barua ya D.C. ya kuniruhusu kushika bunduki kuukuu isiyo na risasi wala baruti.

Nilichukua kipande cha springi ya lori, nikakichonga kwa tupa siku tisa. Dada, sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivyo. Ngatia ndiye aliyetumwa kuja kulichukua. Aliigusa nyundo akacheka, akasema, "Shemeji, ati hii umetengeneza na mkono? Wewe ni mzungu mweusi."

Mengine unayajua. Alasiri hiyo Bwana alibandika fataki ili asikie mlio tu, akafyatua, gobori likalipuka kweli, na mumeo ndiyo kwanza alikuwa akiingia mbele yake na trei ya chai.

Hakimu aliniuliza kama niliukagua mtutu. Nikajibu, Biblia mkononi, kwamba nilipitisha waya mpaka mwisho na haukuwa na kitu. Kwa kuwa haikujulikana nani aliyelishindilia, ikaandikwa kuwa ni ajali isiyo na wa kulaumiwa. Pale nje ulinishika mkono, ukanishukuru kwa kusimama upande wenu.

Wamucii, nilidanganya. Waya uligota vidole vinne kabla ya mwisho. Nilipochokoa, ulitoka na unga mweusi. Niliunusa. Ilikuwa baruti, iliyoachwa humo pamoja na risasi yake tangu enzi za huyo babu. Nilikumbuka Gicheru wa kwetu, aliyenyongwa na wakoloni wakati wa Hali ya Hatari kwa risasi moja iliyokutwa kwenye koti lake. Nikaogopa polisi wasinikute na baruti. Nikajiambia litatundikwa ukutani tu. Nikalifunga kwa gunia, nikampa mumeo alibebe, na hata yeye sikumwambia.

Sikuombi unisamehe. Leo asubuhi nilikwenda stesheni nikamweleza Inspekta Kioko yote haya. Alidhani nimelewa. Alipoona sijalewa, aliniambia nirudi kesho saa mbili na nguo za kubadilisha. Murugi anajua. Amekaa jikoni, hataki kuniangalia.

Msalimie mama, lakini usimsomee barua hii mpaka apate nguvu. Wanao wakikua, waambie kweli, na jina langu ulitaje.

Ni mimi kaka yako,
Mathenge