Ukiingiza Sifuri, Inatoka Tatu

3 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo? Watoto na baba yao hawajambo? Mimi nipo. Daktari ameacha kunipa dawa za kuponya, sasa ananipa za kutuliza, na sauti yake imekuwa ya upole mno. Nimemwelewa.

Sasa sikiliza. Kile kifaa cha kusikilizia ulichonitengenezea kinavuma tena. Mara ya tatu hii! Redio nimezima, madirisha nimefunga, hata nzi hayupo, lakini sikio linanguruma kama friji kuukuu. Wewe ni fundi wa vifaa hivi. Unatengeneza nini hasa? Nakirudisha kwa posta. Usinipigie simu, sisikii kitu.

Mjomba wako

12 Machi

Shikamoo Mjomba,

Pole sana na maumivu. Sisi wazima. Mama naye mzima, na bado kila Jumapili anawaambia wanangu wasome kama wewe, wasiwe kama mimi.

Nimekifungua. Nani alichokonoa humu kwa kisu cha mezani? Usiniambie ni yule nzi. Kifaa hiki kinapima sauti maelfu ya mara kwa sekunde, kila kipimo kinakuwa namba, namba zinapigiwa hesabu, kisha zinarudi kuwa sauti. Umelegeza waya wa maikrofoni, kwa hiyo kila namba inaongezewa takataka. Kimya kinaingia, kelele inatoka.

Unakumbuka? Miaka thelathini na moja iliyopita niliandika karibu maneno hayohayo kwenye mtihani ulioutunga chuoni, swali la nne. Ukanipa sifuri.

Kifaa kimepona. Weka kisu mbali.

Mpwa wako

2 Mei

Mpwa wangu,

Habari za huko? Nimechelewa kujibu, na si kwa sababu ya ugonjwa. Barua hii nimeichana mara nne.

Swali la nne nalikumbuka vizuri kuliko ninavyokumbuka harusi yangu. Mfumo unapokea namba moja baada ya nyingine. Kila namba unaizidisha kwa mbili na kuongeza tatu. Je, ni mfumo wa mstari, yaani ukiingiza jumla ya namba mbili, inatoka jumla ya matokeo yake? Ufunguo wangu wa majibu ulisema ndiyo. Niliuandika miaka sita kabla yako na sikuwahi kuukagua. Wenzako wote walikariri madaftari yangu wakajibu ndiyo. Wewe peke yako uliketi ukapiga hesabu: ingiza moja, inatoka tano, ingiza mbili, inatoka saba, ingiza jumla yake, tatu, ilipaswa kutoka kumi na mbili, lakini inatoka tisa. Chini yake ukaandika: "Ukiingiza sifuri, inatoka tatu. Si mfumo wa mstari."

Ulikuwa sahihi. Swali lilikuwa na alama nane. Ulipata thelathini na tisa, na arobaini ndiyo ya kufaulu. Ulikuja ofisini umeshika karatasi, nikakuambia, "Toka, hapa mimi si mjomba wako." Nilijiona mtu wa haki.

Wiki moja baadaye, nikinakili maelezo ya darasa lingine, nikaweka sifuri mwenyewe. Ikatoka tatu. Matokeo yalikuwa bado hayajabandikwa. Zilibaki siku tisa. Nilihofia wakubwa wa idara wangeuliza kuhusu wanafunzi wa miaka sita yote ile. Nikajiambia watasema nampendelea mtoto wa dada. Siku ya tisa nilishinda nimejifungia ofisini, nasikia watu wakipita kwenye korido kwenda kusoma ubao. Wewe ukatolewa chuoni, kwa alama moja. Mwaka uliofuata nilisahihisha ufunguo, kimyakimya.

Na mama yako aliponiuliza, nilimwambia, "Ana akili, lakini hasomi."

Mjomba wako

6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimesoma.

Chuo sikitaki tena, nina kazi yangu na naipenda. Lakini mama! Miaka thelathini na moja nimemwapia kwamba nilijibu sahihi. Unajua anachonijibu? "Mjomba wako atakudanganyia nini?" Mwandikie. Kwa mkono wako, maana anaujua. Mimi nikimwonyesha hii atasema nimekubana wewe mgonjwa ukaandika.

Usiniombe radhi kabla hujafanya hivyo.

Mpwa wako

29 Mei

Mpwa wangu,

Natumai mko salama. Mkono unatetemeka, na dada yangu ana shinikizo la damu. Habari nzito kama hii si ya kukurupukia. Nikipata nguvu kidogo nitaandika.

Mjomba wako

4 Juni

Mjomba, shikamoo.

Mkono unaotetemeka umeniandikia mimi barua mbili mwezi uliopita. Na shinikizo la damu la mama nalijua, mimi ndiye ninayelipima kila asubuhi. Zimebaki siku ngapi safari hii? Bado unazihesabu?

Mpwa wako

30 Juni

Mpwa wangu,

Hujambo? Mimi sasa hata kuketi nahitaji mtu.

Nilimwandikia. Kurasa mbili, bila kujitetea. Hakujibu. Juzi mlango ukasukumwa, nikamwona dada yangu kasimama na mkoba wake, na viatu hakuvua. Alinisema mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. "Umenifanya nimtukane mwanangu mbele ya wanawe!" Nilivaa kifaa, nikasikia kila neno. Kisha akaketi, akaniambia nimweleze swali lenyewe. Nikamweleza kwa vijiko vya chai. Alielewa upesi kuliko nilivyowahi kuelewa mimi. "Na hili lilikushinda kusema?"

Barua hii nimempa dereva wa basi la leo usiku ikufikie kwanza; kesho yeye anaondoka kwa basi la asubuhi, haendi kwake, anakuja moja kwa moja kwenye karakana yako. Nilimwambia akuandikie. Amekataa, anasema haya ni ya kusema uso kwa uso. Namwona hapo kwenye kiti, midomo inacheza, anayajaribu.

Msamaha siombi. Nakuomba hili tu, kwa sababu nakujua ulivyo mwepesi wa kujibu: akianza, usimkatize. Hata akikosea pa kuanzia, mwache.

Mjomba wako